Glavu Ikivuja, Fomula Iwe ya Mwisho Kulaumiwa

Kuna tabia moja ya viwanda vya mpira inayonichosha. Glavu zikianza kuvuja kwenye ukaguzi, mtu wa kwanza kuitwa ni mkemia, na swali la kwanza analoulizwa ni "tuongeze nini?" Hakuna anayeuliza zimetoboka wapi. Muda si muda sabuni ya kutuliza utomvu imeshamiminwa tangini, kila mtu amerudi kwenye shughuli zake, na baada ya siku chache tatizo linarudi likiwa na wenzake wawili.

Msimamo wangu ni huu: kwa bidhaa zote zinazotengenezwa kwa kuchovya kalibu (umbo linaloipa bidhaa sura yake) kwenye utomvu wa mpira, yaani glavu, kondomu, maputo, chuchu za chupa za watoto, fomula, yaani mchanganyiko wa kemikali na utomvu, ndiyo kitu cha mwisho kuguswa. Itazamwe kwanza bidhaa yenyewe, kisha kalibu, kisha maji, kisha utomvu jinsi ulivyopokelewa getini. Najua wauza kemikali hawatanipenda kwa hili.

Kipimo cha kawaida cha glavu za hospitali ni kumimina ndani yake mililita 1000 za maji, kuining'iniza, na kuangalia kwa dakika mbili hivi kama kuna tone linalotoka. Wakaguzi wengi wakiona tone huandika "imefeli" na kuitupa glavu kwenye ndoo. Hapo ushahidi umetupwa. Mimi ningependa waizungushie kalamu sehemu ile, waikaushe, waivute kidogo na kuiangalia kwa lenzi. Tundu lililoachwa na povu huwa la mviringo, na mpira unaolizunguka hupungua unene taratibu kuelekea katikati. Tundu la uchafu mara nyingi lina chembe pembeni: kibonge cha utomvu ulioganda, punje ya kemikali ambayo haikusagika vizuri, vumbi la dari. Na pale ambapo mafuta yaligusa kalibu, utomvu hukataa kushika, ukaacha duara jembamba lenye ukingo ulionenepa. Haya ni magonjwa matatu, na hakuna dawa moja inayoyatibu yote.

Mahali penyewe pia panasema mengi. Matundu yakijazana kwenye maungio ya vidole, tazama kasi ya kalibu inapotoka tangini. Utando wa utomvu hujitanda baina ya vidole viwili, hupasuka, na viputo vyake hubaki vimenasa kwenye filamu, yaani ngozi ya mpira, ambayo bado ni laini. Punguza kasi ya kutoka, au rekebisha namna kalibu inavyozungushwa baada ya hapo. Yakiwa kwenye ncha, shuku hewa iliyonaswa wakati kalibu inazama kwa pupa, au kigandishi, kemikali inayopakwa kwenye kalibu ili utomvu ugande juu yake, ambacho hakikukauka kabla ya kuingia kwenye utomvu. Na yakiwa kila siku kwenye glavu za kalibu ileile, basi kazi imekwisha: itoe, ioshe, itafute ufa. Ila kwa hilo lazima kila kalibu iwe na namba na mkaguzi aijue glavu imetoka kwenye ipi. Kuna viwanda vina maabara ya kupendeza, vifaa vinang'aa, lakini kalibu hazina namba.

Sasa utomvu. Unapotoka kwenye mti wa Hevea brasiliensis huwa na mpira theluthi moja hivi, uliobaki ni maji hasa. Ukipitishwa kwenye sentrifuji, mashine inayouzungusha kwa kasi ili kutenga maji, mpira hufikia asilimia 60. Chembe za mpira huelea humo bila kushikana kwa sababu zimevaa protini na sabuni zenye chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana. Ni jamaa wa maziwa kwa tabia: bakteria wakiachiwa hutengeneza asidi, na kitu chote huganda. Amonia, kama asilimia 0.7 kwenye utomvu wa amonia nyingi, imewekwa ili kuwazuia.

Cheti cha utomvu huja na namba kadhaa, na hapa ndipo ninapogombana na watu wa manunuzi. Namba wanayoipenda ni ya uthabiti: utomvu hukorogwa kwa kasi ya mizunguko 14,000 kwa dakika, na huhesabiwa sekunde mpaka uanze kuganda. Kiwango cha kimataifa cha utomvu, ISO namba 2004, kinataka sekunde hizo zisipungue 650. Sawa. Lakini namba hiyo hupandishwa kwa kutia sabuni kidogo ya laureti, na pipa lililowahi kuchacha linaweza kupita mtihani vizuri kabisa. Funika kombe mwanaharamu apite. Namba ya asidi tete za mafuta ndiyo isiyopambika, maana asidi zile ni alama ya yale ambayo bakteria walishayafanya, na zikishaingia hazitoki. Mimi nikionyeshwa uthabiti mkubwa sana pamoja na asidi iliyopanda, sisemi utomvu umetulia. Nasema kuna mtu ameupamba.

Kuna kichekesho kingine. Sabuni ile ile inayomiminwa ili "kutuliza" tangi ikizidi huleta povu, na povu huleta matundu. Tena humfanya kalsiamu nitrati, kigandishi kilichopakwa kwenye kalibu, afanye kazi kwa uvivu, hivyo glavu hutoka nyembamba. Amonia nayo si malaika. Ikikutana na zinki oksidi iliyomo kwenye mchanganyiko, hutengeneza ioni zinazouzidisha mnato, hasa joto likipanda. Nimesikia mara nyingi mafundi wakiongeza amonia kwa sababu utomvu umekuwa mzito, na unazidi kuwa mzito, wanaongeza tena.

Maji huwa hayatajwi kabisa, kwa sababu kila mtu anayaona ni maji tu. Lakini maji magumu yana kalsiamu na magnesiamu, na kalsiamu ndiyo hiyo hiyo uliyoipaka kwenye kalibu ili igandishe utomvu. Ukizimua mchanganyiko kwa maji ya namna hiyo unagandisha tangi lako mwenyewe pole pole, kibonge kimoja kimoja, kisha unanunua chujio jipya kukamata vibonge. Tumia maji yaliyoondolewa madini na chujio litapumzika.

Kusuuza kwenye maji ya moto nako hupunjwa, kwa kuwa hatua hiyo ndiyo rahisi kuiharakisha uzalishaji ukibanwa. Matokeo hayaonekani siku hiyo. Chumvi za kigandishi zikibaki ndani ya filamu huvuta unyevu, glavu hugeuka nyeupe na kunata. Na protini zisizooshwa ndizo zinazowapa baadhi ya watumiaji mzio, wengine wa hatari. Unga uliopakwa kwenye glavu ulizidisha balaa hilo kwa kubeba protini hewani, ndiyo maana Marekani ilipiga marufuku glavu za unga za matibabu kuanzia Januari 2017. Anayepunguza muda wa kusuuza ili atimize idadi anahamishia tatizo mikononi mwa muuguzi.

Sidai kwamba fomula haina makosa kamwe. Glavu ikipita kila kitu ikiwa mpya lakini ikalegea au kukatika baada ya kuwekwa tanurini kupima uzeekaji, hapo ndipo mkemia aulizwe kuhusu salfa, vichapuzi (kemikali zinazoiharakisha salfa kuukomaza mpira) na kinga ya oksijeni. Hata hapo angalia kwanza kama kuna shaba iliyogusa utomvu, vali ya shaba nyeupe kwa mfano, maana madini hayo huuozesha mpira hata yakiwa machache mno.

Na ukilazimika kubadili kitu tangini, badili kimoja, kisha subiri. Tangi la kuchovya halimwagwi kila zamu. Linapunguka kadiri kalibu zinavyobeba utomvu, na linajazwa juu kwa juu, kwa hiyo marekebisho ya asubuhi yamechanganyika na utomvu wa jana. Msimamizi anayeingia jioni anaona matundu bado yapo, anaongeza chake. Wa usiku naye cha kwake. Kesho yake matundu yakipungua hakuna anayejua nani ashukuriwe, na yakiongezeka lawama inarudi kwa mkemia. Ningekuwa na mamlaka, ningefunga kabati la kemikali na ufunguo ungekaa kwa mtu mmoja, na kabla hajaufungua aonyeshwe glavu iliyozungushiwa kalamu, namba ya kalibu yake, na saa kiasi gani tangi limechukua hadi utomvu wake wote kubadilika tangu mabadiliko ya mwisho.