Tukubaliane tairi kwanza, jairo baadaye

Jumamosi moja mwezi wa Juni tulifika ukumbini kwetu Majengo, hapa Moshi, tukiwa na vigari saba vya rimoti na betri zimejaa, na hakuna hata kimoja kilichotaka kwenda. Ukumbi huo una sakafu ya saruji nyekundu ya kizamani, ile inayong'arishwa kwa polishi na kipande cha blanketi. Nikivuta moto, yaani kuongeza mwendo, tairi za nyuma zinazunguka palepale kama daladala iliyonasa kwenye tope la Machame wakati wa masika. Nikigusa usukani, mkia unapitiliza na gari linageukia lilikotoka.

Kila mtu akaanza kutibu gari lake. Dogo mmoja akapandisha nguvu ya jairo, kile kifaa kinachosaidia usukani, mpaka mwisho. Mwingine akavua springi za mbele. Mimi nikasogeza betri nyuma, nikairudisha, nikaisogeza tena. Karibu saa nzima ikaisha hivyo. Ndipo mzee anayetunza ukumbi akapita na ndoo yake, tukamwamkia, akaitikia na kutuambia, "Wanangu, jana nimepiga polishi. Kesho kuna harusi hapa." Magari yetu yalikuwa mazima. Sakafu ndiyo iliyobadilika, na sisi tulikuwa tumeshaharibu mipangilio ya magari saba iliyotugharimu miezi.

Tangu siku ile nina msimamo mmoja ambao nimeusema kijiweni mpaka wenzangu wamenichoka, sasa nauandika: sisi wa vigari vya drifti, mchezo wa kutelezesha gari kwa ubavu, hapa Moshi tunaanzia mwisho. Tunanunua mota na kubishana kuhusu jairo kabla hatujakubaliana tairi gani inakanyaga sakafu gani.

Kwa asiyeujua mchezo huu: kigari cha drifti cha kipimo cha 1/10 ya gari halisi hakivai mpira. Kinavaa pete ngumu ya plastiki, na kwa sababu hiyo kinateleza hata kikienda mwendo wa mtu anayekimbia pole. Zamani vingi vilivuta kwa magurudumu yote manne, na wataalamu walibadilisha gia ili ya nyuma yazunguke haraka kuliko ya mbele. Katikati ya miaka ya 2010 watu wakahamia kwenye magari yanayovuta kwa nyuma tu, kama YD-2 ya Yokomo ya Japani, kwa sababu yanateleza kama gari halisi. Lakini gari la namna hiyo halishikiki kwa vidole peke yake. Mkia ukitoka, mkono wa binadamu unachelewa. Hapo ndipo inapoingia jairo, kidubwasha kidogo kinachokaa kati ya risiva inayopokea amri za rimoti na sevo inayogeuza usukani, kinahisi gari linavyojizungusha na kugeuza tairi za mbele kuupinga mzunguko huo kabla wewe hujawahi.

Ni kifaa kizuri sana, na ndiyo maana kinadanganya. Jairo linaweza kubeba makosa yako kwa muda mrefu bila wewe kujua. Gari langu mwaka jana lilikuwa linazunguka kila nikikata kushoto, kulia halina neno. Nikapandisha nguvu ya jairo kutoka asilimia 50 hadi 90. Likaacha kuzunguka, likaanza kutikisa pua, kushoto kulia kushoto kulia, kama mbuzi anayekataa kamba, na sevo ikawa ya moto ukiigusa. Wiki tatu nikaamini nimeuziwa jairo bovu. Jioni moja nikalipeleka gari dirishani, nikaligeuza tumbo juu, nikasukuma tairi kwa kidole hadi mwisho wa kona. Upande wa kulia ulikwenda wote. Upande wa kushoto ulisimama mapema kidogo, na kwenye mkono wa chini kulikuwa na mkwaruzo mdogo unaong'aa, mfupi kuliko ukucha. Tairodi endi, ile ncha ya fimbo ya usukani, ilikuwa inagonga pale. Nikaweka washa moja, kipete chembamba cha kuinulia, ikapita. Jairo likarudi 50, na halijatikisa pua tena hadi leo.

Kwa hiyo mimi nikilishika gari la mtu, simuulizi ana jairo gani. Naanza na vitu vinavyoonekana kwa macho. Je, usukani unakwenda sawa pande zote mbili bila kugonga? Difu ya nyuma imefungwa, tairi mbili zinazunguka pamoja? Nikiliweka kwenye mizani ya jikoni, tairi moja baada ya nyingine huku tatu zikiwa zimekaa kwenye ubao wa kimo kilekile, kushoto na kulia zinalingana? Kemba ya nyuma, yaani mlalo wa tairi, naipa kidogo tu, digrii moja au mbili, na tairi za nyuma nazielekeza ndani kidogo kwa mbele ili gari lisukume kwenda mbele badala ya kuyumba. Kemba ya mbele inavumilia nyingi zaidi, kwa sababu tairi ile inalala sana ukikata usukani wote. Betri ikienda nyuma, nyuma inashika. Ikija mbele, gari linageuka kwa wepesi lakini linapoteza msukumo. Shokapu ziwe laini. Kuhusu mota sina mengi ya kusema: mota ya kawaida inatosha kabisa kwa ukumbi kama wetu.

Jairo linakuja mwisho, na kabla ya yote hakikisha mwelekeo wake. Liinue gari, upeleke mkia kulia kwa haraka: tairi za mbele zigeukie kulia. Zikigeukia kushoto, jairo lako linaisaidia ajali, na gari litazunguka mara tu ukivuta moto. Kisha anza na nguvu ndogo, upandishe kidogo kidogo hadi pua ianze kutikisika, halafu urudi nyuma hatua moja.

Lakini haya yote, kemba na betri na jairo, yanajibu swali moja tu: tairi inashika kiasi gani? Ukibadilisha tairi, majibu yote yanabadilika. Ndiyo maana namba unazozikuta kwenye video ya mtu anayeendesha juu ya zulia huko Japani hazitakusaidia kwenye saruji nyekundu ya Majengo. Yeye hajakudanganya. Anaongea habari za sakafu yake.

Na hapa nafikia jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu si la gari moja, ni la kundi zima.

Sisi wa ukanda huu tumelelewa na rali. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, ikiitwa Coronation Safari, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na hadi leo gari la rali likipita watoto wanapanga foleni kwenye vumbi. Rali ni wewe na saa. Ukiwa na gari lenye nguvu kuliko la mwenzako, heri yako. Drifti ni kitu kingine. Tangu Kunimitsu Takahashi alipokuwa akiteleza kwenye mashindano ya Japani miaka ya 1970, na Keiichi Tsuchiya akaupeleka mtindo huo kwa vijana wa barabara za milimani, utamu wake haujawahi kuwa nani kafika kwanza. Mashindano yake yanahukumiwa kwa mstari, pembe, mwendo na mtindo. Na kilele chake ni magari mawili: la mbele linachora njia, la nyuma linalala ubavuni mwake karibu ligusane, yote mawili yakitoa mkia pamoja kama wacheza ngoma wa mstari mmoja.

Hilo haliwezekani kama mmoja ana tairi inayoshika na mwingine ana tairi inayoteleza. Mwenye tairi inayoshika atamwacha mwenzake kila kona, au atamgonga ubavuni. Nimeona vijana wetu wawili wenye vidole vizuri kabisa wakishindwa kufuatana hata mzunguko mmoja, kila mmoja akidhani mwenzake hajui. Klabu nyingi za drifti nje zimelitatua hili siku nyingi kwa kuchagua tairi moja ambayo kila anayeingia sakafuni lazima aivae.

Wenzangu wananijibu kwamba tairi za dukani ni ghali na zinachukua muda kufika. Kweli. Lakini tunalo bomba. Bomba gumu la PVC la inchi 2, lenye kipenyo cha nje cha milimita 63, linakaribia kabisa kimo cha tairi zetu. Unakata pete ya milimita 26, unaizungushia rimu kipande cha tyubu ya baiskeli na tepu ya umeme juu yake, unaisukuma pete hadi ikaze. Kingo unazipiga msasa ziwe za mviringo, la sivyo gari linakwaruza na kurukaruka. Nimejaribu pia lile bomba jeusi la maji linalouzwa kwa roli: linateleza zaidi, na kwenye sakafu yetu gari linakuwa zito kusogea. PVC ndiyo inayotufaa. Inaacha unga mweupe sakafuni, ambao tunaupangusa kwa kitambaa kibichi kabla mzee hajauona, na pete mpya inahitaji dakika kumi za kuzungushwa hadi ipoteze mng'ao. Usiipime kabla ya hapo.

Kuna kaka mmoja kundini aliyeagiza tairi nzuri kutoka nje na anaona namnyang'anya alichokilipia. Namwelewa. Azivae siku nyingine zote, hata nyumbani kwake. Ninachoomba ni saa mbili za Jumamosi ambapo sote saba tunakanyaga kitu kimoja, ili atakayeachwa ajue ameachwa na mkono, na atakayetaka kurekebisha gari ajue anarekebisha nini.

Bomba nimeshanunua. Liko barazani kwangu, mita 6, limeegemea ukuta. Bomba moja linatoa zaidi ya pete 200, zinazotosha magari 50, na zote zimetoka kwenye plastiki ileile. Fundi seremala jirani yangu amenitengenezea kibao chenye mfereji ili msumeno ukate wima. Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi kila mmoja aje na rimu nne na msasa. Nimeshaongea na mzee: polishi ataipiga Jumatatu.