Pundamilia Akawa Punda

Ofisi yetu iko Njiro, Arusha. Tunahifadhi picha za wapeleka watalii. Vijipicha pekee, vile vya kutazamia kabla ya kufungua picha kamili, vilikuwa milioni 20, kila kimoja KB 10: jumla GB 200. Kwa nakala 3 vilikula TiB 3.6, tukavihamishia mpango wa 4+2 wa Ceph, mfumo wetu wa kutunza data kwenye seva nyingi: vipande 4 vya data na 2 vya kinga. Kwenye karatasi hiyo ni mara 1.5, yaani GB 300. Mhasibu alifurahi hadi akaninunulia chipsi kuku.

`ceph df`, amri ya kuonyesha nafasi, ikasoma USED (iliyotumika) TiB 7.2.

"Mwanangu, huku ndiko kubana matumizi?" mhasibu akauliza.

Bosi akaamuru vijipicha vikamuliwe hadi KB 5. Nikamwambia haitasaidia, bosi haambiwi. Seva zikakoroma usiku kucha. Kulipokucha pundamilia wamepoteza mistari, wamebaki punda, na USED iko palepale.

Diski ziliandaliwa enzi za toleo la Ceph liitwalo Nautilus, BlueStore, sehemu yake inayoandika kwenye diski, ikigawa nafasi ya diski za kuzunguka kwa KiB 64. Kipande kidogo, hata cha KiB 4, kinapewa 64 nzima, kama abiria mmoja aliyekodi Coaster. Vipande 6 ni KiB 384 kwa kijipicha. Nakala 3 zingekula 192. Toleo la Pacific la 2021 lilishusha kipimo hadi KiB 4, ila kipimo hufungwa siku OSD, programu ya Ceph inayosimamia diski moja, inapoundwa. Sisi tulishapanda hadi toleo linalofuata, Quincy, lakini `ceph osd metadata 3 | grep min_alloc` ikajibu baiti 65536, yaani KiB 64 ileile.

Dawa ni kuunda upya OSD zote, moja moja: `ceph osd out`, ngoja data ihame, uliza `ceph osd safe-to-destroy`, zima huduma yake, destroy (iondoe), zap (futa diski), create (iunde upya). Mwenye haraka akifuta 3 kwa mpigo akumbuke kinga ni 2. Na hakikisha diski zinazobaki zina nafasi ya kupokea, la sivyo uhamisho unakwama katikati.

USED ikatua karibu GiB 460. Mhasibu akaja na kalamu.

"TiB 6.7 zimekwenda wapi? Kitu hakitoki stoo bila fomu."

Nikajaza. Aina ya mali: hewa. Akagonga muhuri.