Ruta Ikisema Sawa, Usiondoke

Alhamisi usiku kituo kimoja cha afya Kasulu kilirudi kwenye daftari la kaunta na kalamu. Muuguzi alinipigia saa tatu: "Kaka, mtandao umekata na wagonjwa wamejaa benchi." Mimi niko Mwanga, Kigoma mjini, nakodolea skrini, najua kabisa kilichotokea, lakini ruta ya huko, kile kifaa kinachoelekeza pakiti za mtandao, siifikii. Tumeikata wenyewe, sisi tunaousimamia mtandao.

Kijana wetu alibadilisha MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ya kiungo cha Kasulu. Upande wetu alitumia modeli ya YANG (lugha ya kueleza usanidi wa vifaa) ya mtengenezaji, upande wa pili akatumia ya OpenConfig, ile ya pamoja isiyo ya mtengenezaji mmoja, kote kaandika baiti 1500. Akahakiki, kote akajibiwa sawa. Na namba ilikuwa halali kweli. Ila ruta moja inahesabu pakiti ya IP peke yake, nyingine inajumlisha na baiti 14 za kichwa cha Ethernet, kwa hiyo pakiti imebakiwa na 1486. OSPF, itifaki ambayo ruta huambizana njia, ikakwama ExStart, hatua ya kabla ya kubadilishana taarifa, njia zikafutika, Kasulu ikapotea. Uhakiki ulikagua kila ruta kivyake. Haukuuliza jirani anahesabuje.

Kosa la MTU namsamehe, hata mimi lingenipita. Kinachoniuma ni kukomiti, yaani kuuanzisha usanidi mpya, moja kwa moja kwenye ruta iliyo mbali. NETCONF, itifaki ya kusanidi vifaa vya mtandao kutoka mbali, ina komiti ya kuthibitishwa tangu 2006! Unakomiti, ruta inaanza kuhesabu sekunde 600, na usipotuma komiti ya pili, au kikao kikikatika, inarudisha usanidi wa mwanzo yenyewe. Dakika kumi tu, na yule muuguzi angeendelea na kazi yake. Badala yake kijana alisubiri basi la alfajiri, kompyuta mapajani, kebo ya konsoli mfukoni, na watu wakakaa bila mtandao usiku kucha kwa sababu ya neno moja ambalo halikuandikwa.

Haya, vipo vifaa vya zamani visivyo na uwezo huo, na ipo siku utasahau komiti ya pili, kazi nzuri ifutike. Utairudia.

Na tuache kugusa kipengele kimoja kwa modeli mbili.

Tangu Ijumaa skripti yetu haikomiti chochote cha mbali bila muda wa kurudi, na haitumi komiti ya pili mpaka jirani wa OSPF asome Full, yaani ruta mbili zimepatana kikamilifu. Mstari huo kauandika kijana mwenyewe, ndani ya basi, akirudi kutoka Kasulu.