Kompakta au tipa: gari la taka lipi linajilipa?

Mkandarasi wa taka wa Dar es Salaam anayetaka kuongeza gari hupewa ushauri wa aina mbili. Madalali wa magari ya Japani, na maofisa wengi wa halmashauri, humwambia anunue kompakta: gari lenye bodi iliyofungwa pande zote na mtambo wa haidroliki wa kushindilia taka, limetumika huko lilikotoka lakini bado linafanya kazi. Mafundi na madereva humwambia achukue tipa ya kawaida, aipandishie mabati ubavuni, afunike turubai, apige kazi. Pande zote mbili zina hoja. Tatizo ni kwamba hoja inayopigiwa debe zaidi kwa upande wa kompakta, kwamba eti "inabeba mara tatu", ndiyo dhaifu kuliko zote.

Kompakta zilibuniwa kwa taka za nchi ambako ndoo ya taka imejaa karatasi, maboksi na plastiki. Huko mita moja ya ujazo ya taka ambazo hazijaguswa ina kilo 100 hadi 200. Taka zetu ni maganda ya ndizi na ya viazi, mabaki ya ugali, makumbi ya nazi, majivu ya mkaa, na mchanga wa kufagia uwanja kila asubuhi. Mita moja ya ujazo hufika kilo 300 hadi 400 kabla mtambo haujawashwa, na wakati wa masika huzidi hapo. Ukishindilia taka za kilo 150 zikafika 450, kweli umepata mara tatu. Ukishindilia za kilo 350 zikafika 550, umepata mara moja na nusu tu. Kilichomo ndani kwa sehemu kubwa ni maji, na maji hayashindiliki. Yanachuruzika barabarani.

Halafu kuna uzito, na hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Lori ambalo Japani huitwa la "tani 4" ni lile ambalo uzito wake wote, yaani gari, bodi, mzigo na watu, hauzidi tani 8. Likifungwa bodi ya kompakta ya mita za ujazo 8, pamoja na pampu, silinda na mlango mzito wa nyuma, nafasi inayobaki kwa mzigo mara nyingi ni tani 2.5 hadi 3. Sasa piga hesabu: mita 8 mara kilo 550 ni tani 4.4. Gari limejaa hadi mlangoni na limezidisha zaidi ya tani moja, bila dereva kufanya kosa lolote. Matokeo yake yanafahamika gereji: majani ya springi za nyuma yanakatika, beringi za matairi zinaungua, breki hazitoshi kwenye mteremko, na chesisi inaanza kupasuka karibu na hanga ya springi ya nyuma. Fundi anaongeza majani mawili ya springi, na ufa wa chesisi unazidi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe la mwaka wa gari wala kilomita. Mwombe picha ya kibao cha uzito na karatasi za usajili za Japani zinazoonyesha uzito wa mzigo unaoruhusiwa. Kama huna karatasi, hesabu nati za tairi. Kwa kawaida lori la daraja la tani 4 lina nati 6 kwa kila gurudumu. Yale yaliyoongezewa uwezo kiwandani, ambayo kwa nje yanafanana nayo kabisa, huwa na nati 8 au 10. Kwa taka zetu, hayo ya nati nyingi ndiyo yenye maana.

Kwenye chesisi kubwa hesabu inageuka, na haki ya kompakta lazima itajwe. Chukua lori la ekseli mbili lenye uwezo wa tani 16 au 17 kwa jumla. Likiwa tipa yenye bodi ya mita za ujazo 12, hubeba kama tani 4.2 za taka zisizoshindiliwa. Likiwa kompakta ya mita hizo hizo 12, hubeba kama tani 6.6. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji, na kutoka Tegeta ni zaidi. Ukijumlisha foleni ya barabarani na ile ya dampo lenyewe, tripu mbili kwa siku ni kazi nzuri, na mvua ikinyesha hugeuka moja. Hapo kila tani inayoongezeka kwenye tripu inapunguza dizeli kwa tani, na tofauti ya tani mbili na ushee si ndogo.

Mtetezi wa tipa atajibu kwamba ukipandisha ubavu bodi ikafika mita 18, umefikia tani 6.3 bila pampu wala sili (mipira ya kuzuia uvujaji). Ni kweli. Lakini ubavu huo unamaanisha mtu wa chini anarusha kapu juu ya kichwa chake, mwingine amesimama ndani ya taka akipokea na kusambaza. Kopo la kulishia la kompakta, yaani sehemu ya nyuma ambamo taka humwagwa, liko usawa wa kiuno hadi kifua. Vibarua wawili au watatu wanatosha, mahali ambapo tipa inataka watano au sita. Vibarua hao ni gharama ya kila siku, na ni watu wanaokanyaga vioo na sindano. Tipa iliyopandishwa sana pia huyumba, na kwenye barabara za mitaa zenye makorongo huo si utani.

Sheria nayo iko upande wa bodi iliyofungwa. Kanuni za Kenya za usimamizi wa taka za 2006 zilitaka taka zisafirishwe bila kutawanyika wala kuvuja, na msafirishaji awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo. Kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka jukumu la taka ngumu kwa serikali za mitaa, ambazo ndizo zinazotoa zabuni. Lakini bodi kufungwa si sawa na bodi kutovuja. Kompakta yenye sili ya mlango iliyokufa inamwaga maji ya taka kuliko tipa, kwa sababu inayakamua kwanza.

Kuna jambo ambalo wauzaji huwa hawaligusi: mchanga. Unakaa chini ya kopo la kulishia, na kila sahani ya chuma inayosukuma taka inapopita, unasaga bamba la kopo kama msasa. Bamba likichakaa linatoboka, fundi anachomelea kiraka, ukingo wa kiraka unakwaruza sahani, na pini na bushi zake zinalegea. Tiba ni ndogo, ila inataka nidhamu: kumwaga na kuosha kopo kila jioni, grisi kwenye pini kila siku, na kutopokea taka za kufagia uwanja kwenye kompakta. Majivu ya mkaa yaliyo moto ni hatari nyingine, maana moto ukiwaka ndani ya taka zilizoshindiliwa haufikiki mpaka umwage mzigo wote barabarani.

Mtambo wenyewe uko wa aina mbili kuu. Wa sahani inayozunguka unachota taka na kuzisukuma ndani. Unafaa taka laini na zenye maji. Wa kukandamiza unavunja maboksi na mbao kwa nguvu zaidi, lakini unakamua maji na kuyarusha. Kwa taka za majumbani za hapa, wa kuzunguka ndio ningeupendekeza. Angalia pia jinsi gari linavyomwaga. Mengine yanainua bodi nzima kama tipa, mengine yana bamba la ndani linalosukuma taka nje. Juu ya lundo laini la dampo, bodi iliyoinuliwa na mzigo ulionata upande mmoja vinaweza kulaza gari. La bamba la kusukumia linamwaga likiwa limetulia, ingawa ni zito zaidi na lina silinda ya ziada ya kutunza.

Ukaguzi wa gari lililoko yadi uanzie kwenye mtambo, siyo kwenye injini. Odometa haikusaidii sana: gari la taka hufanya kazi likiwa limesimama, injini ikizungusha pampu kupitia PTO (kifaa cha gia kinachochota nguvu ya injini), hivyo kilomita 100,000 zake zina saa nyingi za injini kuliko kilomita hizo hizo za lori la safari ndefu. Washa PTO, pima kwa saa muda wa mzunguko mmoja wa sahani mafuta yakiwa baridi. Endesha mtambo nusu saa, pima tena. Ukikuta umepungua kasi waziwazi, mafuta yaliyopata moto yanavuja ndani ya pampu au silinda, na hiyo ni bei ya kupunguza hapo hapo. Mafuta ya haidroliki yaliyokuja na gari kutoka Japani mara nyingi ni mepesi, daraja la 32. Kwa joto la Pwani uliza kitabu cha mtambo kama kinaruhusu 46.

Kisha inua mlango wa nyuma, zima injini, ngoja dakika 15. Ukishuka wenyewe, sili za silinda au vali ya kuzuia imekwisha. Asipite mtu chini yake bila nguzo ya usalama kusimamishwa. Mlango huo unaua. Pitisha ukucha kwenye fimbo za silinda: vishimo vya kutu ukivisikia, sili mpya itakatwa ndani ya wiki chache. Gonga chini ya kopo kwa nyundo ndogo, sikiliza mahali sauti inapobadilika chini ya rangi mpya. Kagua waya za vihisi na swichi ya dharura ya nyuma. Fundi aliyeshindwa kupata kihisi huunganisha waya moja kwa moja ili sahani iendelee kuzunguka, na gari la namna hiyo linaweza kumvuta mtu mkono.

Kwenye injini, jihadhari zaidi na yale yenye chujio la masizi kwenye ekzosi. Linahitaji mwendo na joto ili lijisafishe, na gari la taka linashinda foleni na kuunguruma likiwa limesimama. Likiziba, injini inakosa nguvu, na wengi huishia kulitoboa.

Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, hivyo mkandarasi wa Nairobi mara nyingi huangukia chesisi mpya iliyounganishwa hapo hapo na bodi iliyotengenezwa na karakana za mjini. Tanzania haikatazi, ila inatoza ushuru wa uchakavu, na kompakta zinazouzwa rahisi Japani ni zile zilizozeeka. Uweke kwenye hesabu kabla hujatuma fedha, pamoja na sili na hozi za akiba, kwa sababu spea za mtambo hazipatikani Kariakoo kama za injini. Hozi utatengenezewa mjini. Seti ya sili za silinda yenye vipimo vya Kijapani huenda ukaisubiri wiki kadhaa gari likiwa juu ya magogo.

Magari ya halmashauri yanayopigwa mnada ni soko jingine. Yana namba za SM (Serikali za Mitaa), na mnunuzi lazima ayasajili upya kwa namba za kiraia. Mengi yalisimama kwa sababu ya kitu kimoja kidogo, kisha yakachomolewa vitu vingine kumi yakiwa yamesimama. Nunua ukiwa umehesabu kinachokosekana, na kabla ya kulipa hakikisha namba ya chesisi kwenye chuma inalingana na ile iliyo kwenye kadi.

Kuuza ndiko kunakonifanya nielemee tipa kwa mkandarasi mdogo. Tipa ikikosa mkataba wa taka inaoshwa na wiki inayofuata inabeba mchanga, kokoto au matofali. Kompakta ikikosa mkataba inabaki yadi, na wanunuzi wake nchi nzima ni wachache na wanajuana. Benki nayo inalijua hilo inapopima dhamana. Mkataba wa kata ukiwa wa mwaka mmoja na mkopo ni wa miaka mitatu, anayenunua kompakta amekopa kwa matumaini ya zabuni mbili ambazo hajashinda. Mwenye mkataba mrefu, maeneo ya lami kama Upanga au Masaki, taka nyingi za maboksi na plastiki, na fundi wa haidroliki wa kwake, huyo kompakta kwenye chesisi kubwa itamlipa vizuri. Mwenye kata ya vichochoro vya Manzese au Tandale, ambako taka zinatoka na mikokoteni na maguta hadi barabarani, atanunua mtambo usiofika zilipo taka. Na kwenye masoko, ambako mabua na maganda yana uzito wa kutosha tayari, sioni sababu ya kushindilia chochote. Kontena na gari la kuliinua vinafaa, mradi dampo lisiwe mbali.

Aliyekwama na kompakta iliyochoka bado ana njia moja. Bodi inauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, chesisi inafungwa bodi ya tipa. PTO, pampu na tangi la mafuta ya haidroliki usiviuze pamoja na bodi, vitatumika kwenye jeki ya kuinulia. Pampu ipimwe kwanza kama presha yake inalingana na jeki hiyo. Kagua nyufa za chesisi kabla ya kulipia bodi mpya, na aina ya bodi ibadilishwe kwenye kadi, la sivyo mnunuzi atakayefuata atakataa kuhamisha umiliki.