Kibali cha bastola cha Ohio kina thamani gani ukiingia New Jersey?

Kwa madereva wa malori wa kwetu walioko Marekani, Wakenya, Wabongo, Wakongo, kuna swali moja haliishi: jimbo langu limenipa kibali cha kubeba bastola chini ya shati, limenichunguza, limechukua alama za vidole, sasa kwa nini nikivuka mpaka wa jimbo tu nahesabiwa jambazi, wakati leseni ya lori inakubalika majimbo yote 50? Swali limepamba moto kwa sababu muswada wa kuyalazimisha majimbo yatambuliane vibali, H.R. 38 wa mbunge Richard Hudson wa North Carolina, umeletwa tena Januari 2025 na kamati ya sheria ya Baraza la Wawakilishi ikaupitisha mwezi wa tatu. Si mgeni huu. 2017 ulipita barazani kwa kura 231 kwa 198, ukafika Seneti ukalala hukohuko.

Kwa sheria ilivyo, kila jimbo linaamua lenyewe litamtambua nani. Mengine yana makubaliano ya wawili wawili, mengine yanakubali vibali vya wote, alafu kuna New York, New Jersey, California, Maryland na Hawaii ambako kibali cha nje ni karatasi tu. Na makubaliano yenyewe hayatulii. Desemba 2015 mwanasheria mkuu wa Virginia alitangaza wanaacha kutambua vibali vya majimbo 25, mwezi uliofuata gavana akakaa mezani na wabunge wa Republican wakabadilishana, vibali vikarudi na wao wakakubali kwamba mtu mwenye amri ya kudumu ya mahakama kwa ukatili wa nyumbani anyang'anywe bunduki. Siasa hizo nazielewa, ila dereva anayekata barabara kuu ya I-81, inayopita Virginia, kila wiki atajuaje leo kibali chake kiko hai au kimekufa?

Upande wa wanaotaka muswada upite una kisa kimoja ambacho ukikisikia huwezi kubaki vilevile. Mama mmoja wa Philadelphia, anailea familia mwenyewe, ameshaibiwa mara mbili, akanunua bastola na kuchukua kibali cha Pennsylvania kihalali kabisa. Oktoba 2013 akavuka kuingia New Jersey, polisi wakamsimamisha kwa kosa la kubadilisha leni vibaya, na yeye mwenyewe kwa uungwana akamwambia afande kwamba nina bastola na kibali changu hiki hapa. Pingu. Sheria ya New Jersey ilikuwa na kifungo cha lazima cha miaka 3 na nusu kwa kosa hilo, na risasi zake zenye tundu kwenye ncha zikawa shitaka jingine. Kelele zikapigwa, mwendesha mashitaka akalegeza, na Aprili 2015 gavana Chris Christie akamsamehe. Yaani angenyamaza kimya angefika kwake salama. Sheria inayomuadhibu mtu kwa kusema ukweli mi siwezi kuitetea, hata uniwekee takwimu gani.

Ila turudi kwenye hiyo leseni, manake ndo hoja kila mtu anaikimbilia na wengi wanaielewa nusu. Leseni ya gari ndogo inakubalika kila mahali kwa sababu majimbo yenyewe yalikubaliana, Washington haikuyalazimisha. Na leseni ya lori, ile CDL, ndo inayofundisha zaidi. Zamani dereva alikuwa anabeba leseni za majimbo matatu manne, akipata makosa huku anatoa ya kule, na kuna majimbo ukiwa na leseni ya gari ya kawaida unapanda trela unaondoka. Ndo ikaja sheria ya 1986: leseni moja kwa mtu mmoja, na kila jimbo lipime kwa kiwango cha chini kilekile kilichowekwa na serikali kuu. Leo New Jersey inaikubali CDL ya Ohio bila wasiwasi kwa sababu inajua aliyeishika amefanya mtihani gani.

H.R. 38 inataka utambuzi bila hicho kiwango. New York sasa hivi inakutaka ukae darasani saa 16 na saa 2 za kulenga shabaha kwa risasi za kweli, Illinois nayo saa 16. Utah inawapa vibali hata watu wasioishi Utah, darasa ni la masaa machache na kufyatua risasi hata moja si lazima. Mpaka 2024 majimbo 29 yalishaondoa kabisa ulazima wa kibali, na muswada unasema mtu wa huko aingie popote na kitambulisho chake tu. Kwa hiyo kiwango cha nchi nzima kinakuwa cha yule mlegevu kuliko wote. Hili si la kuwaza tu, Philadelphia waliliona: watu walionyimwa kibali na polisi wa mji wao walikuwa wanaagiza cha Florida kwa posta, wanatembea nacho mitaa ileile, mpaka 2013 mwanasheria mkuu wa Pennsylvania alipoifunga hiyo njia.

Kuna na afande wa barabarani. Saa nane za usiku anashikishwa kibali cha jimbo la mbali na hana mfumo wa kitaifa wa kukihakiki. Chama cha kimataifa cha wakuu wa polisi kiliupinga muswada wa 2017, na hao si watu wa kuchukia bunduki. Polisi wenyewe lakini tangu 2004 wana sheria yao ya kubeba silaha majimbo yote, hata wastaafu, ila walioko kazini lazima watimize viwango vya shabaha vya idara yao, na wastaafu wapimwe kila mwaka. Unaona? Hata hapo kiwango kimo.

Mambo ya utafiti sitayachimba. Mchumi John Lott anasema vibali vinapunguza uhalifu, profesa John Donohue wa Chuo Kikuu cha Stanford anasema vinauongeza, wanabishana tangu miaka ya 90 na kila upande unamchagua wa kwake. Kinachonichekesha ni wanasiasa: wanaoimba haki za majimbo kila siku ndo hao hao wanataka Washington iyaamrishe majimbo, na wale wa upande wa pili ghafla wamegundua utamu wa haki za majimbo.

Na hata Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya Bruen ya Juni 2022 iliyoifuta sheria ya New York ya kutaka mwombaji aeleze sababu maalum, haikusema majimbo yaache kuchunguza watu wala kuwafundisha. Mi naona wafanye mawili. Moja, mwenye kibali halali cha kwao akikosea mpaka, iwe faini na silaha irudi nyumbani, asifungwe. Pili, wakitaka utambuzi wa nchi nzima, waweke kiwango kwanza kama walivyofanya kwa malori. H.R. 38 kama ilivyo nisingeipigia kura, na kwa vile Seneti inahitaji kura 60 sioni ikipita hivi karibuni.

Kwa hiyo mwenzangu mwenye grinikadi, kabla hujaingia New Jersey: sheria nyingine ya 1986, ya kupita salama na silaha (si ile ya malori), inakulinda tu kama unatoka unakoruhusiwa kubeba unaenda unakoruhusiwa kubeba, bastola haina risasi, na haifikiki kwa mkono, kama gari haina buti, basi iwe kwenye kisanduku cha kufuli, na droo ya dashibodi haihesabiki. Kama unashusha mzigo Newark na kulala, hapo kinga hiyo ni ya mashaka. Na wewe usijifananishe na yule mama. Mgeni akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini, na msamaha wa gavana kwenye sheria ya uhamiaji unaokoa makosa ya aina fulani tu, ya silaha hayamo.