Kata shina moja, acha mengine

Bukavu, ubishi kuhusu teknolojia na chakula hukwama haraka kwenye namba moja: milioni 25.6. Ndiyo idadi ya Wakongomani ambao tathmini ya IPC, kipimo cha kimataifa cha uhaba wa chakula, ya mwishoni mwa 2024 iliwahesabu katika njaa kali. Ardhi ipo, mvua za Kivu zinaleta misimu miwili kwa mwaka, na dunia inajivunia mashine zisizo na idadi. Kwa hiyo mama anayeuza unga wa mihogo Kadutu akisema maendeleo hayo hayalishi mtu, hajasema neno la bure. Anastahili jibu. Ila naona anaihukumu teknolojia kwa sura moja tu: trekta, ndege isiyo na rubani, mfuko wa mbolea. Ile iliyookoa sahani nyingi zaidi hapa kwetu haina injini, na kwa kuwa haina injini hatuiiti teknolojia.

Tuangalie mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria ambao maagronomu huuita BXW. Uliingia Kongo kupitia Masisi, Kivu Kaskazini, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha ukafika mashamba ya Kivu Kusini. Majani yanageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, nyingine kwenye chane moja zikiwa bado kijani. Ukipasua tunda unakuta madoa ya kahawia. Ukikata shina na kungoja dakika chache, ute wa njano unachuruzika. Ndizi hiyo haifai chunguni, wala haitoi kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

Ushauri wa kwanza wa wataalamu ulikuwa kung'oa kichaka kizima pamoja na mizizi. Kwa upande wa sayansi haukuwa na kosa. Shambani ulishindwa, na kilichoushinda ni jembe. Kichaka cha zamani kina mashina kumi au zaidi yaliyoshikana chini ya ardhi. Kung'oa vichaka ishirini ni siku nyingi za kazi nzito kwa mama ambaye maharagi yake nayo yanangoja kupaliliwa, na baada ya kazi hiyo nyumba inakaa zaidi ya mwaka bila ndizi. Watu wengi waliiacha migomba migonjwa imesimama. Wakaitwa wakaidi. Hawakuwa wakaidi, walikuwa wamepiga hesabu.

Kilichogeuza mambo ni uchunguzi mmoja wa subira: bakteria hawaingii katika mashina yote ya kichaka kwa mara moja. Shina likiugua, jirani yake linaweza kubaki zima. Basi kazi ikawa nyepesi. Unakata shina lenye dalili tu, usawa wa udongo, bila kuchimba. Unalirundika palepale, mbali na mbuzi. Panga unalipitisha kwenye moto mpaka chuma kisishikike, au unalichovya katika javeli (dawa ya klorini ya kufulia) ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo vitano vya maji, kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ua dume, lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, unalivunja kwa mti wenye panda mara tu chane ya mwisho inapotokea. Mti wenye panda, si panga: wadudu huleta bakteria kwenye makovu ya ua hilo, na panga likishaonja utomvu mgonjwa huubeba hadi mgomba unaofuata. Wiki inayofuata unarudi, maana mashina mengine yaliyokuwa yameficha ugonjwa yatajitokeza. Wengi hukosea hapo: wanakata mara moja, wanaona dalili mpya, wanasema dawa imeshindwa. Anayerudi kila wiki huona ugonjwa ukipungua ndani ya miezi michache, huku akiendelea kuvuna mashina mazima.

Hakuna dola iliyotoka mfukoni, zaidi ya chupa ya javeli. Lakini bila darubini, maabara na miaka ya majaribio, nani angejua kwamba shina la pili ni zima? Hiyo ni teknolojia kamili. Imesafiri ndani ya maneno ya mtu mmoja kwa mwingine, na kizuizi cha barabarani hakiwezi kuinyang'anya.

Mihogo ina kisa chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mdudu mweupe kama unga aliyetoka Amerika Kusini alionekana upande wa Kinshasa na Brazzaville, akaanza kuikausha mihogo ya Afrika. Mtafiti Hans Herren na wenzake wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, hawakutafuta sumu. Walitafuta adui wa mdudu huyo kwao, wakampata nyigu mdogo Paraguay, na kuanzia 1981 wakamwachilia Afrika. Nyigu alizaana mwenyewe, akavuka mipaka bila hati. Mkulima hakununua kitu, na wengi hawakujua kamwe kwa nini sombe, mboga ya majani ya mihogo, ilirudi.

Hata sambaza, samaki wa kila siku wa Bukavu, hakuwa wa Ziwa Kivu. Naye ni teknolojia hai isiyo na injini: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na 1959.

Upande wa pili, wa wanaotetea viwanda, hata hivyo, una hoja nzito, na nzito kuliko zote ni naitrojeni, kirutubisho kikuu cha mimea. Karibu nusu ya watu duniani wanakula kwa sababu ya njia ya Haber na Bosch, inayofunga naitrojeni ya hewa kwa kutumia haidrojeni ya gesi asilia. Mfuko wa urea, mbolea inayotokana na njia hiyo, wa kilo 50 unabeba kilo 23 za naitrojeni. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei za gesi na mbolea mwaka 2022, wakulima wa mbali kabisa na Ulaya walilipa. Ziwa letu limebeba takriban kilometa za ujazo 60 za metani, gesi ambayo ndiyo sehemu kuu ya gesi asilia, malighafi ileile, na bado urea yetu inatoka ng'ambo. Isitoshe, katika udongo mchachu na uliochoka kama wa sehemu nyingi za Walungu, hapa Kivu Kusini, urea peke yake ni pesa iliyomwagwa: aluminiamu inadumaza ncha za mizizi, mmea hauinywi, na urea yenyewe inazidisha uchachu. Pasipo chokaa na samadi kwanza, mfuko haufai. Ukiimwaga juu bila kuifunika udongo, sehemu yake inapaa hewani. Teknolojia ya namna hiyo inahitaji bandari, barabara na benki. Februari 2025, Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, benki zilifunga milango. Anayedai kwamba viwanda vitatulisha lazima aeleze mfuko utapita wapi.

Kuna pigo lingine ambalo hata upande ninaoutetea haulikwepi: teknolojia hai huzeeka. Mbegu za mihogo zinazostahimili mozaiki, ugonjwa wa virusi unaoharibu majani, zilienea, kisha ukaja ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao mbegu nyingi kati ya hizo haziuwezi. Huu ni mbaya zaidi, kwani majani yanaweza kuonekana mazuri mpaka siku ya kuvuna, ndipo unapopasua mhogo na kukuta uozo mkavu. Kwa hiyo kazi ya INERA Mulungu, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, haiwezi kufanywa mara moja ikaisha.

Na kazi hiyo ina mwendo wake usioharakishwa. Mhogo safi mmoja, baada ya mwaka, unatoa vipande kama kumi vya sentimeta 25 vya kupanda. Hekta moja, kwa nafasi ya mita moja kwa moja, inataka vipande 10,000. Moja, kumi, mia, elfu, elfu kumi: miaka minne kutoka mmea mmoja hadi hekta moja, kila mwezi mtu akipita kung'oa wenye mozaiki, kila mavuno akipasua mizizi kutafuta kahawia. Shamba hilo la mbegu likikimbiwa mwaka wa tatu, likaliwa na ng'ombe au likachomwa, hesabu inarudi kwenye moja.