Mzee Anachoogopa ni Saa Sita ya Usiku

Kwenye sendofu za Arusha na Moshi, madansa wakiingia mbele ya bibi harusi, ukumbi mzima husimama. Akina mama wanapiga vigelegele, baba mwenye shughuli anatoka na noti mkononi kwenda kutunza. Wiki ijayo bintiye mdogo akimwambia anataka kucheza ngoma iwe kazi yake, baba huyohuyo anauliza ni nani kamharibia mtoto.

Wengi huuita unafiki. Mimi namtetea kidogo mzee. Ameshawaona wale mabinti baada ya shoo, wamejifunga kanga juu ya mavazi, wamesimama nje ya geti usiku wa manane wakisubiri malipo na gari. Hicho ndicho anachokiona akisikia neno ngoma. Binti naye anamjibu kwa kipaji na ndoto, mambo ambayo hakuulizwa. Anachotaka kujua mzee ni vitu vitatu au vinne tu: unalipwa nini, nani anakurudisha, ukiumia inakuwaje, na shule je.

Tuanze na hela, na binti aziandike kwenye daftari. Tuseme hoteli inakipa kikundi shilingi 300,000 kwa shoo moja. Noah ya kwenda Usa River na kurudi, 60,000. Mfuko wa vifaa 30,000, kwa sababu ngozi za ngoma hupasuka na kamba za njuga hukatika. Zimebaki 210,000. Wachezaji 8, wapigaji 3, kiongozi 1: kila mtu 17,500. Shoo mbili kwa wiki ni kama 140,000 kwa mwezi, na hapo ni msimu wa wageni, Juni hadi Oktoba, kisha tena mwisho wa mwaka mpaka Februari. Aprili na Mei ni masika, wageni hupungua sana. Harusi huziba pengo, lakini kwa Wakristo zinasimama Kwaresima, na kwa Waislamu mwezi wa Ramadhani. Anayepanga chumba Ngarenaro kwa hesabu ya Agosti, Aprili atarudi kwao na begi lake.

Ukurasa wa Aprili usifichwe. Mzee aliyesomeshwa kwa kahawa anajua vizuri hela inayokuja kwa msimu; asichokubali ni kuambiwa kila mwezi ni Agosti.

Suala la usiku linataka mkataba, hata wa ukurasa mmoja: saa ya kuanza na ya kumaliza, nusu ya malipo kabla, chumba cha kubadilishia nguo chenye kufuli, na gari la kumshusha kila mchezaji mlangoni kwao. Kinachoharibika mara nyingi ni saa. Shoo ilipangwa saa tatu, MC kachelewesha keki, chakula kimetangulia, mnaingia saa tano na nusu. Dereva wa Noah alikuwa na abiria wengine, ameshaondoka. Kiongozi anagawa nauli za bodaboda, na wasichana wanatawanyika gizani mmojammoja. Kwa hiyo mkataba useme wazi: saa nne ikipita, kikundi kinacheza ngoma moja na kuondoka, malipo palepale. Namba ya kiongozi awe nayo mama. Na kikundi kiwe kimesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kinafahamika kwa afisa utamaduni wa halmashauri, ili baba akiwa na lalamiko awe na ofisi ya kuliendea.

Kuhusu kuumia, hapa vikundi vyetu vingi vina kosa. Mazoezi yanafanyika kwenye zege, wiki nzima, kwa ngoma za kukanyaga kwa nguvu. Zege halinyonyi mshindo. Mshindo huo hupanda kwenye muundi wa mguu. Siku za mwanzo maumivu huenea upande wa ndani wa muundi, urefu wa kiganja, na hupungua mwili ukipata moto. Hapo punguza kuruka, fanyia mazoezi kwenye udongo au mbao, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15. Lakini maumivu yakijikusanya sehemu moja unayoweza kuifunika kwa sarafu, na yakakusumbua hata ukiwa umelala, acha kucheza siku hiyohiyo, nenda hospitali. Huenda mfupa umeanza kupata ufa, na ufa wa namna hiyo picha ya kwanza ya eksirei inaweza isiuoneshe. Kupona huchukua wiki 6 hadi 8, mara nyingine zaidi.

Sasa angalia binti aliyekatazwa anafanya nini. Anajifanya mzima. Akisema mguu unauma, jibu analijua: tulikwambia. Kwa hiyo anacheza juu ya maumivu mpaka mfupa unavunjika kweli. Mzazi aliyekataza kwa ajili ya usalama ajue kwamba siri nayo ina hatari zake.

Shule haina mjadala mrefu. TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza Bagamoyo mwaka 1981, nacho kinataka cheti cha kidato cha nne. Anayeacha shule kidato cha tatu ili acheze, amejifungia mlango wa ngoma yenyewe. Upande wa pili, mzazi anayesema "maliza digrii kwanza" anaomba mwili usubiri, nao hausubiri: ulaini wa nyonga na wepesi wa miguu hujengwa mapema, na anayeanza na miaka 24 hulipa kwa jasho maradufu. Jioni mbili kwa wiki na Jumamosi zinatosha kabisa. Septemba ya kidato cha nne mazoezi yasimame hadi mtihani wa Novemba upite.

Na tafadhali, jambo hili lisizungumzwe Desemba, ukoo mzima umepanda kwao mlimani Kilimanjaro, mbege, ile pombe ya ndizi, inazunguka na kila baba mdogo anataja mwanawe anasomea nini. Hapo hata mzee aliyekuwa ameanza kulegea atakaza ili asichekwe. Anza na shangazi, mwezi wa kawaida, ana kwa ana.

Shangazi akikubali, mlete baba kwenye mazoezi ya Jumamosi mchana. Shoo atakuja kuiona baadaye. Mtafutie kiti karibu na wapigaji, umpe maji, aone hatua moja ikirudiwa mara 40 na kiongozi akiita majina kwenye daftari la mahudhurio. Mwambie mapema kwamba mazoezi yanaisha saa kumi na moja. Halafu yaishe saa kumi na moja.